Maelezo ya Shahidi Kuhusu Mfano Uliomweka Fundi Mahabusu

Yameandikwa kituoni, chumba cha upelelezi, Jumanne tarehe 9 Juni, saa nane mchana.

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada. Kazini naitwa Dada Maelekezo.
Umri: miaka 34.
Kazi: mwandishi wa maelekezo ya programu, kitengo cha kompyuta, chuoni.
Makazi: nyumba za kupanga nyuma ya chuo.

Nimekuja kwa hiari yangu. Sikuitwa, sikutumwa, na mkuu wangu wa kitengo angefurahi kama nisingekuja. Mtuhumiwa namfahamu kwa miaka sita. Ni fundi wa mitandao, tunamwita Nyaya. Si ndugu yangu wa damu, ila namwita kaka, na mkewe, ambaye sasa hivi amekaa kwenye benchi hapo nje, namwita wifi.

Chuoni kwetu mtu akipata tatizo la kompyuta hapigi simu tena. Anaandika ujumbe, na anayeupokea ni programu ya akili bandia. Programu hiyo inajua kuzungumza lakini haina mikono. Ili iweze kuandika tukio kwenye mfumo wetu, lazima ipewe zana, na kila zana iwe na maelezo yake: inafanya kazi gani, itumike wakati gani, kila nafasi ya fomu ijazwe nini. Maelezo hayo nayaandika mimi. Afande ameniuliza kama ni sawa na kumwelekeza mfanyakazi mpya. Nimemjibu ndiyo, ila huyu mpya hufuata neno kwa neno, na haoni aibu.

Kitengoni tuna mazoea yetu. Tukihitaji mfano wowote kwenye maandishi, tunamtumia Nyaya. Nyaya amesahau nywila. Nyaya amemwagia kompyuta chai. Nyaya amefungia printa chooni. Mwenyewe hucheka, husema, "Siku nikistaafu mtakosa mifano." Basi nilipoandika maelezo ya zana ya kuripoti kifaa kisichoonekana, niliweka nafasi ya "Aliyekuwa nacho mwisho", nikaifanya ya lazima, na pembeni nikaandika: mfano, fundi Nyaya. Sikuandika la kufanya iwapo mtu hajui. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Mnamo Ijumaa tarehe 5, karani wa mitihani aliandika ujumbe: "Kompyuta mpakato yenye mitihani haipo mezani kwangu." Hakusema zaidi ya hapo. Jana Jumatatu asubuhi mkuu wa kitengo alichapisha ripoti iliyoandikwa na programu, akawaita polisi. Ripoti ilisema aliyekuwa nayo mwisho ni fundi Nyaya. Alichukuliwa akiwa juu ya ngazi, waya mkononi. Nilimsikia akisema, "Jamani, ofisi ya mitihani hata ufunguo wake siujui." Mimi sikumtetea, kwa sababu niliiamini ripoti. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Leo asubuhi nilimuuliza karani ni lini alimwona Nyaya na kompyuta hiyo. Akashangaa. "Mimi? Sijamwona. Nilidhani mashine yenu ndiyo imeona." Nilirudi mezani, nikafungua maelezo niliyoandika, nikaliona jina limekaa palepale nilipoliweka. Programu ilitakiwa kujaza nafasi, haikuwa na cha kujaza, ikachukua mfano wangu.

Nikamweleza mkuu. Akasema tusubiri kikao cha Alhamisi, tusijivue nguo mbele za watu. Nikamwambia, "Bosi, kikao hakilali mahabusu. Anayelala mahabusu ni Nyaya." Nikabeba kompyuta yangu nikaja.

Afande hakuniamini, na simlaumu. Alisema, "Dada, kila mtuhumiwa ana dada wa kumtetea." Nikamfungulia mfumo wetu wa majaribio, unaotumia maelezo yaleyale, nikamwomba aripoti kitu chochote. Akaandika kwa vidole viwili: "Redio ya mawasiliano ya kituo haionekani." Ripoti ikatoka hapohapo. Kifaa, redio. Mahali, kituoni. Aliyekuwa nacho mwisho, fundi Nyaya. Afande aliisoma, akairudia. Kisha akasema, "Huyu si tumemfungia tangu jana? Na redio yenyewe ninayo kiunoni."

Mbele yake nikaufuta mfano, nikaandika: "Kama aliyeripoti hajasema nani alikuwa nacho, muulize. Kama hajui, andika: haijulikani. Usijaze jina ambalo hukuambiwa." Afande akatuma tena ujumbe uleule. Safari hii programu ikamuuliza, "Pole kwa usumbufu. Je, unajua ni nani alikuwa nayo mara ya mwisho?" Akajibu hapana. Ikaandika haijulikani. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka. Afande naye akacheka, akasema maneno hayo angependa askari wake wapya wayasome.

Programu siilaumu. Ilifanya nilichoiambia, na ilipoelekezwa vizuri iliuliza swali ambalo sisi wote, na akili zetu timamu, hatukumuuliza karani. Kazi hii naipenda, na nikitoka hapa naanza kupitia zana zote, moja baada ya nyingine.

Kompyuta ya mitihani sijui iko wapi, na sitaki kukisia. Ninachojua ni kwamba jina la Nyaya liliingia kwenye ripoti kwa mkono wangu, halikutoka kinywani mwa mtu aliyeona kitu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: ametia sahihi.

Maelezo ya ofisa mpokeaji: Maelezo haya nimeyaandika mimi, na jaribio nimelifanya kwa mkono wangu. Karani wa mitihani amepigiwa simu, amethibitisha kwamba hakumtaja mtu. Fundi ameachiwa huru saa kumi jioni, ameondoka na mkewe. Upelelezi wa kompyuta unaendelea. Kwenye jalada, sehemu ya mtuhumiwa, nimelifuta jina lililokuwepo. Nimeandika: hajulikani.