Nafaka Aliyoisema Kadhi

Kismayu, Jumatatu, Mfungo Tano

Gunia lenyewe bado liko mlangoni. Ni mtama, tena wenye wadudu.

Mwezi uliopita kadhi alimwamuru mume wangu Athmani anipe nafaka, kwa kuwa tangu aoe mke wa pili kule Fuma sijaona kitu kutoka mkononi mwake. Juzi akaleta gunia hilo, akalitua, akaenda zake. Leo asubuhi nikamrudisha kwa kadhi.

"Ulisema nafaka, shekhe," akasema Athmani. "Nimeleta nafaka. Kuna mchu auitaye mtama jina lingine?"

Kadhi akamweleza taratibu kwamba neno tumelichukua kwa Waarabu, tukalifanya la vyakula vya kusaga tu. Kwao, na katika sheria, ni matumizi yote yanayompasa mume: chakula, nguo na nyumba.

"Na nguo nayo ni nafaka?"

"Nayo."

"Na makuti ya paa?"

"Nayo."

Athmani akauliza talaka kwa Kiarabu huitwaje.

"Talaka," akajibu kadhi. "Na mke hukaa eda kwa nafaka yako."

Athmani akaomba ruhusa akanunue nguo.

Watu waliokuwapo kwa kadhi walicheka, nami nikacheka nao. Alasiri ameniletea leso mbili mpya, nzuri hasa. Nimezikunja nikazitia sandukuni. Lile neno la talaka aliliuliza mbele ya watu bila hasira, kama anayeuliza bei ya samaki, na tangu aondoke sijaweza kula.