Chumvi Kwenye Sanduku la Zana

Nyumbani,
Chumba cha nyuma ya tanuri la mikate,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Pokea salamu za nyumba nzima. Afya yako vipi? Kile kikohozi cha baridi ya huko ghalani kimepoa? Unakula chakula, au bado unalidanganya tumbo kwa chai na biskuti? Sisi hatujambo, na safari hii nikisema hatujambo nina maana sote, pamoja na Mama. Rudia sentensi hiyo kabla hujaendelea.

Najua ujumbe wangu uliopita ulikunyima usingizi. Nilikuambia Mama amepotewa na akili, ukajibu kwamba utavunja mkataba wa kazi uje kumuuguza. Nimeamua kukuandikia barua kamili kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na kwenye simu ungenikatiza kila neno, nakujua. Tafadhali usimwambie bosi wako lolote kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka daktari wa kwanza alimwambia Mama presha imepanda, apunguze chumvi na anywe maji ya kutosha, akampa na kidonge cha kila asubuhi. Apunguze, alisema. Sasa Baba unamjua. Seremala yule hajui kupunguza, anajua kukata. Siku hiyohiyo alilichukua kopo la chumvi jikoni akalifungia kwenye sanduku lake la zana, kati ya randa na patasi, ufunguo akautia mfukoni. Tukawa tunakula mboga za chukuchuku na kujipongeza. Hata mimi nikamwokea Mama mkate wake wa peke yake, usio na chumvi. Unga wake ulikuwa unalegea kama kitambaa kilicholowa, lakini nikauoka hivyohivyo.

Na maji je? Baba alimpelekea kikombe alfajiri. Mimi nikitoka kwenye tanuri, kikombe. Shemeji yako akirudi kazini, kikombe, tena kile kikubwa cha bati. Mpwa wako akitoka shule, kikombe. Mama Mapacha wa nyumba ya jirani hakupita mlangoni bila kuingia kumnywesha. Kila mmoja alidhani ni yeye tu anayekumbuka, na Mama kwa adabu zake hajawahi kurudisha kikombe cha mtu. Haba na haba hujaza kibaba, mdogo wangu, na kibaba chenyewe kilikuwa Mama.

Alianza na kichefuchefu na kuumwa kichwa. Tukamwongezea maji. Baadaye akawa anapotea katikati ya maneno, akamuuliza Baba yeye ni fundi wa wapi. Halafu asubuhi moja niliingia na mkate wake, akanitazama kwa upole kabisa, akasema, "Karibu mgeni, lakini wenyewe hawapo." Niliuweka mkate mezani nikaenda kulia kwenye magunia ya unga. Ndiyo siku niliyokutumia ule ujumbe. Watu walituambia ni uzee, tuzoee. Baba akaanza kuficha viberiti na kufunga geti mchana kweupe.

Kesho yake ulimi ulimwia mzito, tukampeleka hospitali. Tulimkuta daktari mwanamke, mcheshi lakini hana mchezo. Alimtoa damu, na majibu yalipofika hakuuliza habari za uzee. Aliuliza, "Mgonjwa anakunywa maji kiasi gani?" Kila mtu akataja kikombe chake. Tukaanza kutazamana. "Na chumvi anapata?" Baba akatoa ufunguo mfukoni, akamwonyesha.

Daktari akavuta kiti. "Mzee wangu, mwili ni maji yenye chumvi," akasema. "Ile chumvi ndiyo inapitisha habari kwenye mishipa ya fahamu. Chembe zake zinaingia na kutoka kwenye seli na umeme wake mdogo, ndiyo mkono unajua kichwa kimetaka nini. Sasa kidonge kilikuwa kinaitoa chumvi kwa mkojo, nyinyi mmefunga mlango wa kuingilia, na iliyobaki mnaimwagia maji. Mama hajachanganyikiwa kwa uzee. Mama amezimuliwa."

Akaeleza kwamba maji huenda kule yanakovutwa. Damu ikiwa nyepesi hivyo, yanajipenyeza ndani ya seli, nazo zinavimba. Mkono ukivimba una nafasi, lakini ubongo umezungukwa na mfupa. Hapo nikaelewa bila kusoma kitabu, maana kila siku naloweka zabibu kavu za mikate, naziona zinavyojaa mpaka ngozi inataka kupasuka.

Baba alikwishasimama aende kufungua sanduku, alete kopo zima. Daktari akamkalisha. Chumvi ikirudi kwa pupa, seli zilizovimba hunywea ghafla na ubongo unaweza kuumia usipone tena. Wakasimamisha kidonge, wakambania maji, wakamwekea dripu ya chumvi kidogokidogo huku wakipima damu. Sisi kazi yetu ikawa kukaa kwenye benchi. Sijawahi kumwona Baba akitii kitu kigumu namna ile. Niliogopa, sikufichi, kwa sababu hata daktari alikataa kutuahidi kwamba Mama atarudi mzima.

Alirudi kwa vipande. Kwanza aliujua mkono wangu, akasema unanuka hamira. Kisha akauliza kandambili zake nani kazivaa. Halafu akamgeukia Baba, akamkagua juu hadi chini, akamwambia, "Wewe, hilo shati umelala nalo?" Baba alilia, mdogo wangu, palepale mbele ya manesi. Sisi tukacheka, naye akacheka na machozi yake.

Sasa yuko nyumbani. Kidonge kimebadilishwa, damu inapimwa kila anaporudi kliniki, na kopo la chumvi liko kwenye rafu yake, linatumika kwa kiasi, maana presha bado ipo. Maji anakunywa akisikia kiu, na anayempa ni mpwa wako peke yake. Anasahau alikoweka miwani, lakini hilo alikuwa nalo tangu sisi watoto. Kwa hiyo mkataba wako usiuvunje. Njoo kwa likizo yako kama ulivyopanga.

Baba anakusalimu, anasema kitanda chako amekipiga msasa. Shemeji yako na mpwa wako wanakukumbuka sana. Mama Mapacha naye anakusalimu, ingawa siku hizi hata chai anaogopa kumletea mgonjwa. Mungu akulinde kazini na njiani, na akurudishe ukiwa mzima kama alivyomrudisha mama yako.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Dada yako wa Mikate.

Tena: Nimemsomea Mama barua hii kabla ya kuifunga. Alicheka sana pale kwenye habari za sanduku la zana, ila tulipofika pale aliponiita mgeni alinishika mkono mpaka mwisho. Amesema niongeze haya, ni maneno yake mwenyewe: "Mwambie mwanangu siku akija asipige hodi. Wenyewe tupo."