Rangi ya Kucha Nyuma ya Injini

Eustaki upo? Faustin kaniibia. Faustin huyu huyu, msimamizi wa ubatizo wa Teddy wangu.

Unakumbuka mwezi jana alinifungia sensa mpya kwenye gari, ile inayokaa nyuma ya injini ambako hata mkono haupiti? Leo gari imezima tena nikitoka Idete. Ikavutwa mpaka nyumbani, nikaamua kufungua mwenyewe. Nimechunika ngozi mpaka kwenye kiwiko. Nimeitoa, ni ile ya zamani. Ile ile ya zamani, Eustaki, imeganda oili.

Ile mpya Balbina aliipaka rangi ya kucha nyekundu kabla hatujampa. Si unawajua mafundi. Na mimi nikamgombeza mke wangu: unamwekea alama mtu aliyemshika mwanetu kanisani?

Nikampigia Faustin, nikasema tu gari imegoma. Akaja na yake, si unajua ni ya mwaka tisini na saba kama yangu. Anacheka kabisa. "Hizi gari zimezeeka, kaka. Hata yangu ilikuwa inasumbua, siku hizi imetulia."

Imetulia.

Balbina akamkaribisha chakula. Nikachukua kioo kidogo cha Balbina na tochi, nikafungua boneti ya Faustin, nikamulika nyuma ya injini.

Nyekundu. Rangi ya kucha ya mke wangu.

Niko hapa nje nashindwa kuingia. Nawaona dirishani. Teddy kamkalia mapajani, na Balbina anamwongezea wali.