Memori Niliyoikimbiza

Mji Mkongwe,
Jumatano

Dada yangu Yusra,

Kabla hata ya shikamoo, nina jambo ambalo sijamwambia mtu. Zile dakika kumi na moja zinazokosekana kwenye video ya harusi yako hazikupotea kwenye kamera. Nimezipoteza mimi.

Sasa shikamoo, dada. Natumai barua itakukuta mzima huko Wete, wewe na shemeji, na kwamba ile homa imekwisha. Sisi hatujambo. Mama anafunga sunna zake, na mguu wa Bibi Mashavu uko vile vile. Naandika kwa mkono kwa sababu simu yangu kila mtu nyumbani anaishika.

Unajua kuwa tangu nimalize kidato cha nne niko dukani kwa Ami Wakil, Darajani, najifunza kutengeneza kompyuta. Wiki mbili kabla ya harusi yako, Bi Salhiya wa video alikuja akilalamika kuwa mashine yake inakwama anapohariri. Ami akamwita Hamid, fundi wake mkubwa. Bi Salhiya akakataa. Alisema mashine ile imejaa vichwa wazi vya wanawake wa nusu ya mji, na hakuna mwanamme atakayeigusa maadamu yeye yuhai. Ndipo kazi ikaniangukia mimi, mwanamke pekee dukani. Hamid alicheka, akasema mtu ambaye mteja akimwita huitikia chini chini asisikike, ataiamrisha vipi kompyuta.

Kuchagua memori, vile vipande ambavyo kompyuta hushikia kazi inayoifanya kwa wakati ule, kulinichukua siku tatu. Alikuwa na gigabaiti kumi na sita, nikataka sitini na nne. Nilichukua vipande viwili vya thelathini na mbili, si vinne vya kumi na sita, kwa kuwa vinne huielemea bodi ikashindwa kwenda kasi. Kisha nikatazama nambari za muda, zile zinazoonyesha memori inangoja mapigo mangapi kabla ya kujibu. Nambari ikiwa ndogo, jibu huja upesi. Vipande vyangu vilikuwa vya kumi na nane. Ningeishia hapo, yasingetokea haya. Lakini nilisoma kwamba vipande kama vile vinaweza kukimbizwa kupita kiwango cha kiwandani, basi nikapandisha kasi, na ile kumi na nane nikaiteremsha mpaka kumi na sita. Nilitaka Hamid aione. Nikaijaribu dukani kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, haikutoa kosa hata moja. Hamid aliitazama skrini, akasema kumbe bubu anajua kusema. Nilifurahi siku nzima.

Dukani kwa Ami kuna kiyoyozi.

Kwa Bi Salhiya hakuna, nawe umeshaingia chumba chake. Akihariri video za wanawake hufunga madirisha yote na kuteremsha pazia, asije mtu wa barazani akachungulia. Hata feni haiwashi, kwa sababu inapeperusha pazia. Nilikuwa nalijua hilo na sikulifikiria. Memori iliyokimbizwa vile ikipata joto huanza kukosea, na haisemi kwamba inakosea. Picha za harusi yako zilipotolewa kwenye kadi ya kamera zilipita humo, kisha kadi ikafutwa kwa ajili ya harusi nyingine. Alipofungua kazi, pale Bibi alipoweka mkongojo chini akasimama kucheza, palikuwa na rangi ya kijani tu na sauti ya kukwaruza. Bibi alipoambiwa alisema yeye hakuinuka kwa ajili ya kamera.

Bi Salhiya alimlaumu Khamisa, mpiga picha wake, kwamba aliichomoa kadi kabla ya wakati. Akaniita niikague mashine. Nilipoigusa nikaona ilivyo moto, nikajua. Na hili ndilo zito kuliko lile la mwanzo: nilizirudisha nambari kama zilivyotoka kiwandani bila kusema neno, na Bi Salhiya aliponiuliza, Khamisa akiwa amesimama mlangoni, nikajibu kwamba mashine haina kasoro. Nilijibu kwa sauti, nikasikika. Khamisa akavaa viatu vyake akaondoka. Tangu siku ile hajaitwa kwenye harusi yoyote. Juzi nilimkuta sokoni kwenye meza ya mama yake, anachambua vitunguu thomu. Aliniuliza hali, nami nikaitikia chini chini.

Jumamosi asubuhi nitakwenda kwa Bi Salhiya. Nimemwomba Khamisa naye aje, sikumwambia kwa nini. Nimeanza kwako kwa sababu harusi ni yako, na ili nijue kama maneno yanatoka.

Mama na Bibi wanakusalimu, na Ami Wakil pia. Msalimie sana shemeji, lakini barua usimsomee. Ukimaliza ikunje uifiche, usimwambie mtu mpaka Jumamosi ipite. Nataka Khamisa alisikie mdomoni kwangu, asilisikie njiani.

Mdogo wako,
Tahiya