Mwalimu Tofali: Achia, Usisukume

Mwaka umekatika, mke wangu, tangu ulipotutoka, na tofali ulilofanyia mazoezi ya somo lako bado linaning'inia kwenye karakana yangu, kwa kamba uliyoifunga mwenyewe. Nilikuwa sithubutu kuligusa. Vumbi lake nalipuliza tu kwa mdomo.

Wasiokujua na wasikie. Ulifundisha fizikia katika shule isiyokuwa na maabara, wala hukukaa kuisubiri. Chupa ya maji uliitoboa matundu matatu, la juu, la kati na la chini, ukaiinua juu watoto waone wenyewe kwamba tundu la chini ndilo linalotema mbali. "Wa chini ndiye aliyebeba wenzake," ulikuwa ukiwaambia. Glasi ya maji uliifunika kwa kipande cha karatasi ngumu, ukaipindua juu ya kichwa cha mkuu wa shule. Hakulowa. Nimesimulia mara nyingi kwamba alilowa mpaka soksi, lakini hiyo ni chumvi yangu.

Jina la Mwalimu Tofali ulipewa na tofali. Ulilifunga kwenye boriti ya darasa, ukaegemeza kisogo ukutani, ukalivuta mpaka likagusa ncha ya pua yako, kisha ukaliachia. Likaenda hadi upande wa pili, likarudi kwa kasi, darasa zima likafumba macho. Wewe hata kope hukupepesa. Likakomea kabla ya pua. Achia, usisukume, ndivyo ulivyowafundisha. Kitu kikiachiwa hakirudi kupita pale kilipotoka, na kila kikirudi hurudi pungufu. Ukiona kimerudi na nguvu mpya, ujue kuna mtu kakisukuma.

Mimi ni fundi redio niliyejifunza kazi kwa kufungua vya watu, nikivifunga nabakiwa na skrubu mkononi. Uliniita Mzee Chumvi. Siku niliyowasimulia wageni kuhusu redio niliyoitengeneza ikaanza kushika taarifa ya habari ya kesho, wao walicheka, wewe ukasema, "Iwashe tusikie." Kila jambo kwako lilikuwa la kupimwa kwanza.

Sasa umetuachia jambo lisilopimika.

Asubuhi ile ulisema ni uchovu tu, ukajilaza. Mimi nilikuwa safarini. Binti yetu alikuwa nawe nyumbani. Kaka yake alikuwa kazini, amezima simu. Hospitali mlifika jioni. Daktari alipoulizwa kama asubuhi ingeleta tofauti, akajibu, pengine. Neno hilo darasani kwako lingepata sifuri.

Tangu hapo wanao hawakai chumba kimoja. Wakikutana tu, mmoja atasema ungempeleka mapema, mwenzake atajibu ungepokea simu. Nilidhani litapungua lenyewe, maana ndivyo ulivyotufundisha. Halikupungua. Kila likikaribia kutulia, mmoja wao analitia mkono. Nami, nisiyewahi kuishiwa hadithi, sikuwa na hata moja ya kuwaambia.

Nilipotaka kuandika maneno haya ya kumbukumbu yako niliwauliza niwataje vipi mwishoni. Binti yako akasema nimtaje yeye au kaka yake, nisiwabandike pamoja. Kaka yake akasema hivyo hivyo, kwa mkato zaidi.

Basi nikatia chumvi. Binti nikamwambia nimeanguka kwenye ngazi. Kaka yake nikamwambia karakana imeingia maji, redio zinaogelea. Wakafika kwa kupishana kidogo tu, wakanikuta mzima, mkavu, nimekaa kitini. Ungewaona! Kwa kitambo kidogo walikuwa kitu kimoja, wote wananifokea mimi. Halafu yakaanza yale yale: ungempeleka, ungepokea.

Nikainuka, nikasimama pale ukutani ulipokuwa ukisimama, nikalivuta tofali mpaka puani.

Wakageuka kunitazama.

"Baba, kisogo ukutani," binti yako akasema. Nilikuwa nimeuacha ukuta bila kujua. Akanirudisha kwa kiganja kwenye paji la uso, kama ulivyokuwa ukimfanyia yeye alipokuwa mdogo.

Tofali lilikuwa zito, likiyumbayumba mikononi mwangu. Kaka yake akasogea, akaweka mkono wake chini ya wangu mpaka likatulia. "Usisukume, Baba," akasema taratibu. "Achia tu."

Nikaliachia. Likaenda, likarudi, nikausikia upepo wake usoni. Sikufumba macho. Haya, nilifumba. Likaenda tena, likarudi pungufu. Tukasimama watatu tunalitazama, hakuna aliyeligusa, mpaka likabaki linatikisika kidogo tu kama mtu anayekataa jambo kwa upole.

Hakuna aliyeomba radhi. Binti alitangulia kuondoka, na kaka yake akangoja afike mbali ndipo naye akatoka. Siwezi kukwambia kwamba wamepatana, maana ungetaka ushahidi, na sina.

Ila kesho yake binti alinipigia simu. "Tutaje tu, Baba," akasema. "Lakini wewe ukae katikati."

Nikamfikishia kaka yake. Akauliza nani anaanza. Nikamwambia, mdogo wako. Yeye ndiye mkubwa, unajua anavyolishikilia hilo tangu utotoni. Akasema, sawa.

Kwa hiyo, Mwalimu, unakumbukwa na binti yako. Na mimi mumeo, katikati kama nilivyoagizwa. Na mwanao mkubwa. Unakumbukwa na wajukuu, na wanafunzi wako wote waliofumba macho wakayafumbua wakakukuta bado umesimama.

Hatutakusahau, tofali likienda, tofali likirudi.