Jozi Mbili za Namba Arobaini na Moja

KITUO CHA POLISI, DAWATI LA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa kwenye jalada, mtaani anafahamika kwa jina la Mwalimu
Umri: miaka 68
Kazi: mwalimu mstaafu wa hisabati
Makazi: nyumba ya tatu kulia, mtaa wa nyuma ya maghala ya bandari
Tarehe: Alhamisi, tarehe 16
Muda wa kuanza: saa 3:20 asubuhi

Kabla ya yote, naomba radhi kwa kukaa kimya. Jambo ninalolieleza lilitokea siku kumi na moja zilizopita. Nusu yake niliijua siku ile ile, na nusu iliyobaki niliijua kesho yake. Sikuwa mgonjwa, sikusafiri, wala simu yangu haikuharibika. Nilinyamaza kwa sababu ukimya ulikuwa na faida kwangu.

Mimi ni mwanachama wa kikundi cha wakimbiaji cha mtaani kwetu. Tuko sita. Kila Jumapili alfajiri tunakimbia kwenye barabara ya ufukweni. Katika kikundi hicho yumo binti mwoka mikate, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, ambaye tunamwita Hamira kwa sababu huanza taratibu kisha akaumuka. Nilimfundisha hisabati shuleni kwa miaka minne. Yumo pia mpaka rangi wa majumba tunayemwita Breki, na sababu ya jina lake itajulikana hapo mbele.

Mwaka huu kikundi kiliamua kununua viatu vya aina moja ili tupendeze. Tulinunua katoni nzima, vyeupe vyenye mstari wa buluu. Mimi navaa namba arobaini na moja. Hamira naye anavaa namba arobaini na moja.

Mnamo Jumamosi tarehe 4, saa kumi jioni, wanakikundi wote walikuja nyumbani kwangu kujiandaa kwa marathoni ya kesho yake. Tulikaa barazani, kila mmoja akafunga kwenye kamba za kiatu chake kile kidude cha kupimia muda ambacho waandaaji wanakiita chipu. Chipu ndiyo inayosomwa na mashine mkimbiaji anapovuka mstari. Namba ya kifuani ni ya kusomwa na macho tu. Yangu ilikuwa namba 902, ya Hamira 417. Kisha mke wangu alitukaribisha ndani tule. Kwangu haingii mtu na viatu, kwa hiyo vyote viliachwa mlangoni.

Nilitoka kunawa mikono nikaviona vimetapakaa, kimoja kimelala, kingine kimepanda juu ya mwenzake. Sikuvumilia. Nilivipanga mstari mmoja, visigino ukutani, kuanzia namba ndogo hadi kubwa. Jozi mbili za namba arobaini na moja niliziweka pamoja, na yangu nikaiweka mwisho, karibu na mlango, kwa kuwa mimi ndiye mwenye nyumba. Sasa najua kwamba ile niliyoiweka karibu na mlango haikuwa yangu. Wageni walipokuwa wanaondoka, Breki alisema, "Mwalimu, umetupanga hadi viatu?" Nikamjibu, "Ungekuwa na mpangilio, usingekuwa unafika wa mwisho." Watu walicheka. Kila mtu alivaa jozi iliyokuwa mahali pake.

Mnamo Jumapili tarehe 5, mbio zilianza saa kumi na mbili kamili asubuhi, mbele ya jengo la forodha. Kwa kuwa zilianza saa kumi na mbili, hesabu ilikuwa rahisi: saa iliyo mkononi ndiyo muda uliokimbia. Hamira alinipita kabla ya kona ya kwanza. Sikumwona tena.

Saa tatu na dakika nane nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa barabara, karibu na kibao cha kilomita ya ishirini. Nina hakika ya muda huo kwa sababu nilimpigia simu mke wangu kumuuliza dawa ya kuchua ameiweka mfuko gani, na simu imetunza kumbukumbu. Alinijibu, "Mfuko wa nyuma. Rudi na basi." Sikurudi na basi. Nilivuka mstari wa mwisho saa sita na dakika kumi na moja mchana, nikiwa nimetanguliwa na mtu aliyevaa vazi la ndizi.

Saa nane mchana wakimbiaji tulikusanyika katika ukumbi ulio mkabala na mnara wa taa. Mtangazaji alitoa zawadi kwa kusoma orodha ya mashine. Alipofika kwenye kundi la umri wa miaka sitini na zaidi, alitaja jina langu na kusema, "Saa tatu na dakika mbili! Mzee wetu huyu amewaacha vijana!" Watu walisimama. Nilinyanyuliwa kwenye kiti. Sikuwa na muda wa kutafakari, lakini sidai kwamba ningekuwa nao ningeutumia vizuri. Nilipokea kikombe.

Baada ya zawadi, kipaza sauti kilizungushwa ili kila anayetaka aeleze aliyoyapitia njiani. Muuguzi mmoja alisema kwamba kuanzia kilomita ya thelathini alikuwa anahesabu nguzo za taa ili asikae chini, na kwamba ziko mia moja na nane. Karani mmoja alisema kwamba kwenye kilomita ya thelathini na tano, akidhani anakufa, aliwasamehe wote waliowahi kumkosea. Sasa amefika mzima na anajuta. Breki alisema, "Mimi sikukimbia, nilikuwa nasimama kila meza ya maji kukagua. Meza ya saba maji yalikuwa ya moto. Kamati ilifanyie kazi."

Kisha Hamira alikiomba kipaza sauti. Alikuwa benchi la nyuma, amevua viatu, miguu imevimba. Alisema, "Jamani, mimi nimeshafika tangu asubuhi, ila mashine ilisema bado niko njiani, na sasa inasema nimefika mchana. Mkiniona huko barabarani, mnisalimie." Ukumbi ulicheka sana. Mimi nilicheka pia. Wanawake watatu wa kwanza walikuwa wameshaitwa mbele, na yeye hakuwamo.

Kipaza sauti kikanifikia. Nilizungumza kwa dakika ishirini na tano. Nilieleza kwamba siri ni nidhamu na kulala mapema. Nilieleza kwamba kwenye kilomita ya thelathini upepo wa baharini ulinipiga kifuani, nikauambia, "Nipishe." Sikuwahi kusema na upepo. Nilipomaliza, mtu wa kwanza kupiga makofi alikuwa Hamira.

Jioni, nyumbani, mke wangu alikitazama kikombe kwa muda mrefu.

"Saa tatu na dakika mbili?"

"Ndivyo mashine ilivyosema."

"Saa tatu na dakika nane ulinipigia simu unatafuta dawa ya kuchua. Ulikuwa umeshamaliza?"

"Nilikuwa najiandaa kwa ajili ya baadaye."

"Haya, bingwa. Kula, chakula kinapoa."

Usiku huo nilijiambia kwamba huenda mashine huwapunguzia wazee muda kwa kuzingatia umri. Nimefundisha hisabati miaka thelathini na sita. Najua kwamba mashine haina heshima kwa wazee.

Mnamo Jumatatu tarehe 6, saa nne asubuhi, mke wangu alikuwa anasafisha viatu uani. Alitoa soli ya ndani ya kiatu cha kulia akaniita. Chini ya soli kulikuwa na unga wa ngano uliogandamana.

"Mwalimu, tangu lini umeanza kukanda unga kwa miguu?"

Hapo nilielewa jambo lote, kuanzia mlangoni hadi kwenye kikombe. Nilitazama chipu iliyokuwa kwenye kamba. Ilikuwa namba 417. Nilimwambia mke wangu kwamba ni vumbi. Kiatu nilikikung'uta mimi mwenyewe, nikakirudisha kabatini. Hakunisemesha mpaka jioni.

Siku zilizofuata nilialikwa mahali pawili kutoa nasaha. Nilikwenda pote pawili.

Sikujua yaliyokuwa yakimfika Hamira, kwa kuwa sikuuliza. Jana Jumatano tarehe 15, saa tisa alasiri, Breki alikuja kwangu akiwa na rangi hadi kwenye nyusi. Aliniambia kwamba Hamira alikuwa ameilalamikia kamati ya mbio. Kamati ikatafuta picha, ikamwona anavuka mstari saa tatu na dakika mbili, mwanamke wa tatu, akiwa na namba yake kifuani na chipu yangu mguuni. Badala ya kumpa haki yake, wakasema kwamba alibeba chipu ya mwalimu wake wa zamani makusudi ili mzee apate kikombe. Jina lake wakalifuta, na Jumatatu wakafungua shauri la udanganyifu hapa kituoni.

Nilimuuliza Breki, "Yeye amesema nini?"

"Afande amemhoji juzi. Amesema neno moja tu: muulizeni Mwalimu, hajawahi kunidanganya hata kwa alama moja."

Breki alitaka maji ya kunywa. Nilishindwa kwenda kuyachota. Alikwenda mwenyewe.

Breki alinieleza pia jambo ambalo sikulijua. Wanawake watatu wa kwanza wanachukuliwa kwenye kambi ya mazoezi ya miezi sita, pamoja na kocha na mashindano ya nje. Basi la kambi linaondoka Jumatatu tarehe 20. Kambi haimpokei aliyefikisha miaka thelathini, na Hamira anaifikisha baada ya miezi miwili. Hana mwaka ujao.

Saa kumi na nusu nilikwenda kwenye tanuri la mikate. Hamira alikuwa anakata donge kwa kisu kipana na kulipima kwenye mizani. Aliponiona alijifuta mikono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hamira, mwanangu, ile jozi ya viatu..."

"Najua, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi, afande aliponionyesha picha ya mguu wangu. Ndipo nikakumbuka harufu ya dawa ya kuchua. Kilomita zote arobaini na mbili nilikuwa nainusa, nikadhani ni mzee fulani ananifukuza nyuma. Ndiyo maana nilikwenda kasi vile."

Alicheka. Mimi sikuweza.

"Kwa nini hukumwambia afande?"

Aliacha kucheka. Alisema, "Nimwambie nini? Kwamba Mwalimu ana kikombe kisicho chake? Hilo si neno la kutoka kinywani mwangu. Nikasema wakuulize wewe."

Kisha akarudi kukata donge, kwa sababu tanuri lilikuwa limeshapata moto. Nilisimama pale kwa muda ambao siwezi kuukadiria. Ni mara yangu ya kwanza katika maelezo haya kushindwa kutaja muda.

Leo asubuhi nilimwambia mke wangu kwamba nakuja hapa. Alikitoa kikombe kabatini, akakifunga kwenye gazeti, akasema, "Chukua. Vikombe vya chai vilikuwa vimekosa nafasi." Nimekuja kabla ya hati ya wito kunifikia.

Nikiulizwa kama mimi na Hamira tulikubaliana jambo lolote kabla ya mbio, najibu: hatukukubaliana. Viatu nilivipanga mimi, peke yangu, bila kuombwa. Yeye alivaa alichokikuta mahali pake.

Nikiulizwa kwa nini nilikung'uta unga, najibu: ili nisiuone.

Nikiulizwa kama kuna mtu aliyenishawishi kusema haya, najibu: hakuna, isipokuwa yule aliyesema niulizwe.

Nimekabidhi jozi ya viatu namba arobaini na moja ikiwa na chipu namba 417, kikombe kimoja, na simu yangu yenye kumbukumbu ya saa tatu na dakika nane. Ukitoa tena soli ya kiatu cha kulia utakuta unga kidogo kwenye mshono, sikuumaliza. Naomba iandikwe kwamba muda wangu halali ni saa sita na dakika kumi na moja, na muda wa saa tatu na dakika mbili ni wa Hamira, ambaye ndiye mwanamke wa tatu. Ikiwa kuna adhabu ya kupokea kisicho changu na kukitolea hotuba, naomba nipewe mimi.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu. Yamo niliyoyaona, niliyoyafanya na niliyoyaficha, nimesomewa, nimeyakiri. Kamati ya mbio itakaa kesho Ijumaa saa nne, nami nitakuwa nje ya mlango wao tangu saa tatu. Sijui wataamua nini. Wakishaamua, nitauandika uamuzi huo kwa mkono wangu na kuubandika kwenye ubao wa ukumbi ule ule nilimozungumza, pamoja na jina langu kamili na muda wangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, afisa wa zamu, na kumaliza saa 5:05 asubuhi. Vielelezo vitatu vimepokelewa; unga umeonekana kwenye mshono kama alivyosema. Nakala itapelekwa kwa katibu wa kamati leo hii kwa mkono, siyo kwa posta. Shahidi alitoa maelezo yote akiwa amesimama. Aliletewa kiti mara mbili.