Gari Aliloliacha Gasper

Wewe uliyeliokota daftari hili, tafadhali lifunge. Kama umeshaanza kusoma, usimsimulie mtu hata neno moja: si kanisani, si msikitini, si gengeni. Yaliyomo yanaweza kuniumiza mimi na mama yangu. Nakuomba sana.

Jumatatu, 14 Julai 2025

Mzee Leodgar, mwenye stoo, amenikabidhi ufunguo wa gari la ofisi. Mimi, karani wa stoo ya dagaa! Eti nina leseni, na dereva hatuna.

Dereva alikuwa Gasper. Mwezi uliopita Mzee alimtuma Kalinzi, kule mlimani, kusubiri mzigo. Akalala huko. Kesho yake gari likakutwa limezimika kwenye mteremko, na yeye hayumo. Mzee anasema amevuka Burundi kufuata mwanamke. Hakumuaga hata mkewe.

Nimewasha. Ka-ka-ka-ka! Ndani ya injini. Winfrida, mpishi wetu, akaangusha mwiko. Gasper alikuwa na pete, na akiwa anasubiri aligonga usukani hivyohivyo.

"Huyo anabisha hodi," Winfrida akasema. "Mtamfungulia lini?"

Wapakizi wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 15 Julai

Limegonga kutoka Bangwe mpaka karibu na stesheni. Injini ilipopata moto — kimya. Kimya hicho ndicho kibaya zaidi. Kama mtu aliyenyamaza ili akusikilize.

Mzee hapandi. Tangu gari livutwe kurudi mjini anakwenda kwa bodaboda, na kitambi chake kile! Nikiwasha tu, anaingia ofisini na kufunga mlango.

Alhamisi, 17 Julai

Gungu, kwa fundi Ismaili. Ameweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni. "Tapeti, dada, vile vyuma vya juu ya injini. Gari lako bibi kizee, meno yanagongana." Akaziseti upya. Kimya. Nimerudi nikiimba.

Ijumaa, 18 Julai

Baridi asubuhi. Ziwa halionekani kwa ukungu. Nimewasha — ka-ka-ka-ka!

Nikafungua boneti mwenyewe. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Nikanusa. Nikanusa tena. Jikoni kwa mama! Maharage ya Jumapili!

Mawese.

Nimerudi kwa Ismaili. "Dada, leo hujala?" akanitania. Akafungua nati ya chini. Ikatoka oili nyeusi, kisha mabonge mekundu yakakwama kwenye tundu. Utani ukaisha. Tukaelewa wote wawili: mawese yakipoa yanaganda, oili haipandi, vyuma vya juu vinagongana vikavu. Injini ikipata moto yanayeyuka, mlio unaisha. Huku chini kwenye joto gari linajikongoja. Lakini likilala Kalinzi, kwenye baridi ile ya mlimani, asubuhi haliendi mbali.

Nikasema labda mtu alikosea. Hapa kwetu mawese hutiwa kwenye madumu yaliyokuwa ya oili, na stoo tunayo mengi.

"Anayekosea anaona rangi, anaacha," Ismaili akasema. "Huyu kamimina tu."

Ameosha injini, ameweka oili mpya. Tumeapa kunyamaza. Kwa Mzee nitasema tapeti.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa nimekwenda Ujiji kumwona Agnesi, mke wa Gasper. "Mwakeye," akanisalimu kikwetu, lakini hakutabasamu. Bado anampakulia mumewe chakula.

Nimemuuliza kama Gasper aligombana na mtu. Akatazama mlangoni kwanza. Kumbe alikataa kubeba mizigo ya Mzee ya kuvusha mpaka kwa siri. Alimwambia Mzee ana kwa ana kwamba atakwenda polisi. Wiki hiyohiyo akatumwa Kalinzi.

Nimeshindwa kunywa chai yake.

Jumatatu, 21 Julai

Gari limewaka bila mlio. Wapakizi wakapiga makofi. "Kaenda zake," Winfrida akasema, akafanya ishara ya msalaba.

Mzee akatoka ofisini. Kwa mara ya kwanza akasimama karibu na boneti.

"Shikamoo, Mzee. Fundi amezikaza tapeti."

"Marahaba." Akasikiliza. Akasikiliza mno. Kisha, kwa upole: "Na yale mawese mmeyamwaga wapi, binti?"

Sijui nilitazama wapi.

Nimempigia Ismaili kutoka chooni. Ameapa kwa Mungu hajamwambia mtu, hata mkewe.

Sasa Mzee anasema mchana huu tunakwenda Kalinzi, mzigo umefika. Mimi naendesha, yeye anakaa nyuma. Tutalala huko. Nimesema mama anaumwa. "Nitampelekea salamu mwenyewe," akanijibu. Anapajua nyumbani!

Naandika stooni, nyuma ya magunia. Anapiga honi. Nimeomba nipande basi, akacheka — wapakizi nao wakacheka, hawajui wanachocheka. Daftari namwachia Winfrida, chini ya unga.

Kwa hiyo wewe unayesoma, sahau nililokuomba mwanzoni, sikiliza. Usinipigie, simu ameshaichukua, eti yake imeisha chaji. Mhamishe mama kwanza, mpeleke kwa Agnesi. Kisha panda pikipiki, shika barabara ya Manyovu. Ukifika Kalinzi usiulizie gari letu kwa mtu yeyote anayemjua Mzee. Nenda kwenye ule mteremko lilipokutwa gari la Gasper. Acha pikipiki juu, teremka kwa miguu kwenye migomba, uniite: Stephania. Usiite mara moja tu. Nikiwa siwezi kujibu nitagonga kitu, chochote nitakachokipa— Amefungua mlango wa stoo